Macho ya Mama Masika

Mbambu Ketura alikodi kiploti cha mpunga Mubuku, magharibi ya Uganda, na kila zamu yake ya maji ilipofika alikwenda na vitu viwili: jembe na daftari. Maji ya mfereji hayana haraka. Unafungua mlango wao, unakaa kwenye tuta, unayangoja yafike mwisho wa shamba. Wenzake muda huo waliutumia kuteta watu. Ketura aliandika. Wakamteta na yeye, wakisema ama anamwandikia Mungu barua, ama ana bwana mahali. Aliwaacha waseme.

Alikuwa akiandika habari za mama yake. Mwaka 1984, Ketura akiwa na miaka minne, mama alitoka nyumbani Bwera siku ya soko, akavuka daraja la mpakani kuingia Kongo, ambayo siku hizo iliitwa Zaire, asirudi tena. Watu walisema amepata mwanamume Butembo, mji wa huko huko. Baba yake, mzee Danieri, mfanyakazi wa mgodini, hakusema kitu mpaka alipozikwa. Sasa ulikuwa mwaka 2014, Ketura anaishi Kasese na watoto wake mwenyewe, na bado ilitokea siku akasikia mwanamke mzima akikohoa nyuma yake sokoni, moyo ukamruka. Alikuwa na njaa ya mama yake, na mimi sioni haja ya kulipamba hilo. Tatizo ni kwamba kila akishika kalamu, kalamu ilimtukana mama huyo huyo.

Jumamosi mchana alikwenda kwenye ukumbi wa kanisa mjini Kasese, walikokutana watu sita wenye ugonjwa wake wa kuandika. Mkubwa wao alikuwa mwalimu mstaafu, Oyet, Mwacholi ambaye baba yake alikuja kuchimba shaba Kilembe akamlea kwenye nyumba za wafanyakazi. Waliandika kwa Kiswahili kwa sababu hakikuwa cha mama wa yeyote kati yao, kwa hiyo hakuna aliyeweza kujidai. Mwezi wa tatu mwalimu akaleta habari: redio moja ya mjini imekubali kusoma hadithi moja ya kikundi, Jumapili alasiri, na mwenye hadithi ataisoma mwenyewe.

Wengine walipiga makofi. Ketura hakupiga, maana alijua redio ile husikika mpaka ng'ambo ya mpaka. Kama mama yu hai na mahali alipo kuna redio, atasikia. Tangu saa hiyo hakutaka kitu kingine duniani ila hadithi yake ichaguliwe.

Jumamosi iliyofuata akaisoma mbele yao, kwa sauti ya mtu anayehubiri. Mama anatoka nyumbani huku anafurahi moyoni kuachana na makelele ya watoto. Mstari wa pili, baba yuko mgodini na roho inamwambia mambo yameharibika. Mstari wa tatu, mwanamume wa Butembo anamngojea mama kwa hamu. Jua linamhurumia mtoto mlangoni. Hata mbuzi aliyefungwa uani anajua kwamba mwanamke huyu harudi.

"Ketura, simama hapo kidogo," Oyet akasema. "Hii stori iko na vichwa ngapi?"

"Vichwa namna gani, mwalimu?"

"Umeingia kwa mama, umetoka. Umeingia kwa mzee, umetoka. Mpaka kwa mbuzi umeingia! Wewe ni mwandishi ama ni pepo?"

Walicheka mpaka mlinzi wa kanisa akachungulia. Ketura naye alicheka, ingawa masikio yalimwaka moto. Kisha mwalimu akamweleza bila mzaha. Chagua mutu mumoja, akamwambia. Kaa nyuma ya macho yake. Asichokiona usikione, asichokijua nyamaza, hata kama kinakuwasha ulimi.

Akachagua macho aliyoyajua, ya mtoto wa miaka minne aliyesimama mlangoni. Iligeuka kazi ngumu kuliko kupalilia mpunga. Alifuta mwanamume wa Butembo, kwa sababu mtoto hakumwona. Akafuta furaha ya moyoni, kwa sababu mtoto huona mgongo tu. Baada ya wiki tatu ikabaki kurasa mbili: kitenge cha kijani, visigino vyenye vumbi, na mlango ambao mtoto alikatazwa kuuvuka. Alipoisoma, Nabirye alijifuta machozi kwa mtandio. Huyu Nabirye alikuwa mgeni kati yao, mke wa mfanyakazi wa kiwanda cha saruji, aliyehamia na mumewe kutoka Busia mwaka uliopita.

"Imekuwa nzuri," Oyet alisema. "Lakini inalia tu mwanzo mpaka mwisho. Jaribu na macho ya mama."

"Hapana, mwalimu. Kwa huyo mimi siingii."

"Kwa mbuzi uliingia."

Safari hii hakuna aliyecheka. Ketura alifunga daftari akaondoka kabla ya sala ya kufunga, akijiambia ana hasira. Hasira gani? Aliogopa. Miaka thelathini mama alikuwa mgongo, na mgongo unaweza kuusema vibaya unavyotaka. Kumzunguka mtu ukamtazama usoni kunataka moyo.

Lakini zamu ya maji ilifika, daftari likawa mapajani, na maji yalikuwa mbali. Akajaribu. Akamvika mama kitenge, akamsimamisha uani, akakaa nyuma ya macho yake kama alivyofundishwa. Jambo la kwanza lililomshangaza ni kwamba mwanamume wa Butembo aligoma kuja. Hakuwa na uso. Hakuwa na jina wala neno lake hata moja, kwa kuwa Ketura alimpata kwa majirani tu, na majirani hawakuwemo kichwani mwa mama. Akaandika alichokuwa nacho: mama anageuka, anawaita binti zake awaage.

"'Masika! Biira! Mbambu!'" alisoma Jumamosi.

"Ngoja, dada," Nabirye akamkatiza. "Nisamehe. Mimi nilifundishwa hii majina ya huku juzi tu. Masika ni msichana wa kwanza, sivyo? Biira wa pili. Kabugho wa tatu. Mbambu wa nne. Sasa wa tatu iko wapi?"

Ndivyo Wakonzo, watu wa kabila la Ketura, wanavyowapa watoto majina, kwa zamu ya kuzaliwa, na aliyekufa hanyang'anywi zamu yake. Ukijitaja tu, umeshasema wangapi walikutangulia. Watatu kati ya watu sita pale walikuwa Wakonzo, na tangu mwanzo wamemwita mwenzao Mbambu bila kuhesabu, jinsi mtu asivyohesabu vidole vyake. Ketura mwenyewe alijua, kwa kujua kule kwa juu juu, kwamba Kabugho alikufa mchanga. Hakuwahi kumfikiria hata dakika moja. Yeye ni Mbambu, basi. Lakini kwa macho ya mama?

Siku ya soko akaenda Bwera kwa dada yake mkubwa, Masika Sylivia, anayeuza mafuta ya mawese karibu na mpaka. Alimkuta akimimina mafuta kutoka kwenye dumu kuingiza kwenye chupa, akasubiri wateja wapungue.

"Yaya," akamwita, kama wanavyomwita dada mkubwa, "Kabugho alikufa namna gani?"

Sylivia hakuinua kichwa. "Nani anakuuliza hiyo mambo?"

"Najiuliza mimi."

Chupa moja ikajaa, akaiziba, akachukua nyingine. "Alikufa ku ngambo, kwa bibi. Alikuwa na miezi saba. Bakamuzika kule, mu shamba ya ndizi. Mama akarudi mikono mitupu. Kisha wewe ukazaliwa, batu bote bakasema, 'Bon, sawa, Mungu amekupa mwingine, nyamaza sasa.' Akanyamaza. Kila mwaka anaomba aende kuona kaburi, Baba anakatala. Akakataza hata jina ya mutoto kutajwa mu nyumba."

"Na siku ile alikwenda?"

Sasa Sylivia aliliweka dumu chini. "Aliniambia mimi. 'Masika, chunga batoto. Naenda kuona Kabugho, napalilia pale, mangaribi niko hapa.' Nikapika, Mbambu. Nikapika chakula ya batu bote, na yeye ndani."

Ketura akakaa juu ya kreti tupu. "Miaka thelathini, Yaya! Mbona hukusema? Mimi nimemtukana mama miaka yote hii."

"Baba alikataza jina. Ningesema namna gani bila jina? Nilikuwa na miaka kumi na mbili. Kisha nikazoea."

"Na kwa nini hakurudi?"

"Kutoka daraja, mimi sijui. Labda ugonjwa. Labda baaskari. Labda bwana iko kweli, nani anajua? Mimi nilikuwa huku."

Ketura alilia pale pale kwenye mawese, mbele ya wateja, na dada yake akamshika kichwa na mikono yake yenye mafuta. Alimkasirikia Sylivia na kumpenda kwa wakati mmoja. Lakini chini ya yote hayo kulikuwa na jambo moja lililomuuma kuliko mengine. Tangu utoto swali lake lilikuwa: kwa nini mama alituacha? Ukikaa nyuma ya macho ya mama, swali hilo halikuwepo. Mama hakuwa akiacha mtu. Alikuwa anakwenda kwa mtoto wake mmoja, arudi jioni kwa wengine. Na kila siku, kwa miaka minne, alipoita "Mbambu!" ilibidi ampite Kabugho bila kumtaja.

Aliandika usiku na mchana, kwenye tuta na nje ya tuta. Siku moja maji yakapita ploti yake yakajaza ya jirani, akapewa maneno yake. Hadithi ikachaguliwa. Oyet alirekebisha mahali pawili tu, akasema, "Sasa iko na kichwa moja," akamrudishia daftari lake.

Jumapili alasiri Ketura aliketi mbele ya kipaza sauti, na kijana mtangazaji, Mumbere, akamwashiria aanze. Alisoma polepole. Mama anaita majina uani, matatu kwa sauti na moja kimoyomoyo, katika zamu yake. Anamwona Mbambu mlangoni na kujizuia kumbeba, maana akimbeba hataondoka, na jembe dogo liko ndani ya kitenge. Anafika darajani. Anatazama jua, anapima. Akipalilia haraka atarudi watoto hawajalala.

Ketura akafunga daftari. Mumbere akamwashiria tena kwa mkono.

"Endelea, mama."

"Imeisha."

"Imeisha? Na huyo mama, alirudi?"

"Hiyo mimi sijui," Ketura alisema. "Mimi nilikuwa huku. Ni yeye tu anajua. Kama anasikia, aendelee yeye."

Mumbere alitaja namba ya simu ya kituo mara mbili, akaweka wimbo wa kwaya. Simu ya kwanza ilitoka Kahendero, mvuvi aliyetaka kusalimia shemeji zake. Ya pili ilikatika. Ya tatu Mumbere aliisikiliza, akabadilika uso, akampa Ketura simu mkononi.

"Ni mutu wa Kongo," akanong'ona. "Mama muzee."

Ketura alishika simu kwa mikono miwili.

"Ni wewe Mbambu ya mu redio?" Sauti ilikuwa ya kizee, yenye mikwaruzo, inatoka mbali. "Mimi niko Kasindi. Mbambu yangu alivuka kuja huko Uganda wakati ya vita. Tangu ile siku sijamuona. Yangu iko na kovu ku mukono ya kuume, ya maji ya moto. Uko nayo?"

Ketura aliutazama mkono wake wa kulia. Alijua hauna kitu, lakini aliutazama, akaugeuza, akautazama tena.

"Sina, mama."

"Bon," yule mzee akasema. Akavuta pumzi. "Bon. Nilijua tu. Wacha nikate, unite ya simu yangu inaisha."

"Usikate, mama," Ketura akasema. "Nipe namba yako. Nitakupigia mimi."