Nyasi za Mtera

Sauti ya goti linapogeuka si kubwa. Ile niliyoisikia mimi ilikuwa ndogo, kama mtu anayebanjua ganda la karanga, na kilichofuata hakikuwa kilio. Kilikuwa kimya. Mpwa wangu, binti wa dada yangu, alikuwa amelala kwenye saruji ya uwanja wa tenisi mjini Dodoma, raketi bado iko mkononi, ananitazama kama mtu anayesubiri kuambiwa jambo.

Kano ya goti ilichukua karibu mwaka kupona. Daktari alimkunjakunja mguu, akamwambia, "Limepona. Lakini likigeuka tena vile, binti, tenisi uiage." Yeye aliitikia kwa kichwa, akavaa kiatu. Mimi nilibaki na ile sauti.

Kisha, kiangazi kilipoanza, ukaja mwaliko. Mashindano ya wanawake vijana huko Ulaya, viwanja vyote vya nyasi. Alikuwa na miaka ishirini, na kati ya wasichana niliowaona wakicheza hapa nchini sijamwona wa kumzidi mkono. Lakini hakuwahi kukanyaga uwanja wa nyasi. Hata mimi sikuwahi.

Mimi ni mtu wa mabasi ya alfajiri. Nilimaliza kidato cha nne Dodoma, nikaondoka, na tangu hapo nimeishi Tanga, Moshi na Mwanza, kila mahali nakaa mpaka nianze kuota mahali pengine. Tenisi niliijulia Moshi, nikiokota mipira ya watu, baadaye nikawa wa kupigiana nao mipira wanapokosa wenzao, mwisho nikawa mwalimu. Nikiwa mbali naikumbuka Dodoma mpaka nashindwa kula: zabibu za uani kwa marehemu mama, upepo wa mchana ukigonga mabati. Nikirudi, sikai sana kabla sijaanza kuulizia nauli. Mwaliko ulipokuja nilirudi kwa ajili ya mpwa wangu, nikawa nalala sebuleni kwa dada, mtaa wa Area D.

Jioni tulikaa kwenye kochi, tunatazama kwenye simu jinsi wakubwa wa dunia wanavyojiandaa na msimu wa nyasi. Wiki chache kabla wanakuwa bado kwenye viwanja vya udongo mwekundu, wanajiachia wanateleza kuufikia mpira, soksi zimegeuka rangi ya tofali. Halafu wanahamia kwenye nyasi, na kila kitu ambacho mguu umekizoea kinakuwa kosa. Ukijiachia kwenye nyasi kama kwenye udongo, mguu mmoja unakwenda na mwingine unabaki. Kwa hiyo watu wale, matajiri, mabingwa, wanajifunza kutembea upya. Wanakwenda kwa hatua fupi fupi, kama mtu aliyejitwisha ndoo iliyojaa. Mpira haupandi, unapita chini karibu na vifundo vya miguu, kwa hiyo wanainama siku nzima, goti linakaribia kugusa ardhi, mpaka makalio yanawauma hata kukaa ni shida. Na mkono hawauvuti nyuma sana, maana mpira kwenye nyasi hausubiri.

"Mjomba, ona goti lake linavyoshuka," mpwa wangu alisema.

"Nimeona."

"Na mimi nishuke hivyo?"

"Taratibu."

Akacheka. "Siku hizi wewe jina lako ni Taratibu."

Kisha simu, bila kuombwa na mtu, ikatuletea picha za walioanguka. Siku za mwanzo za mashindano nyasi huwa bado mbichi, zina maji ndani yake, na hapo hata waliowahi kubeba makombe huanguka. Mmoja alikuwa anarudi nyuma tu, wala hakimbii, mguu ukamtoka. Akatolewa uwanjani analia, watu wamemshika huku na huku. Niliizima simu.

"Washa, mjomba."

"Chaji inaisha."

Simu ilikuwa imejaa chaji, na yeye aliiona. 

Mwezi wa sita Dodoma hakuna nyasi. Kuna vumbi, kuna mbigili, na viwanja vya shule vimekuwa vyeupe kama unga. Tulikwenda mpaka Mtumba, kwenye ofisi mpya za wizara, ambako nyuma ya uzio mmoja niliwahi kuona ukoka unaomwagiliwa. Askari wa getini alitusikiliza mpaka mwisho.

"Afande, tunaomba kutembea tu," nilimwambia.

"Kutembea na raketi?" Akamgeukia mwenzake. "Hata mbuzi wakija hapa watasema wamekuja kutembea."

Aliyetutoa kwenye shida ni jirani yetu, mtu wa Kondoa anayenunua samaki Mtera na kuja kuwauza mjini. Alisema pembeni ya bwawa, maji yanapoanza kurudi nyuma, hubaki ukanda wa nyasi, na ng'ombe wa wafugaji wanazila mpaka zinakuwa kama kichwa kilichotoka kwa kinyozi. Mpwa wangu aliruka kwenye kiti. Mimi nilitamani jirani yule angekaa kimya.

Dada aliniita jikoni siku ya kuondoka. Alikuwa anachekecha unga wa uwele, hakuinua kichwa.

"Mdogo wangu, wewe ni mtu wa kuondoka. Nakujua."

"Dada..."

"Acha nimalize. Ukimvunja mwanangu huko, utapanda basi uende zako Mwanza. Mimi ndiye nitabaki hapa namvalisha soksi. Umenielewa?"

Nilimwambia nimemwelewa. Njia nzima ya kwenda Mtera nilikuwa naangalia mguu wa kulia wa mpwa wangu, ule wa goti lile, aliounyoosha chini ya siti ya mbele, na kila basi lilipopita kwenye tuta nilitaka kuushika.

Nyasi zilikuwepo kweli. Fupi, za kijani, zinashuka taratibu kuelekea majini. Kwa mbali zilikuwa kama kapeti. Ukizikanyaga ndipo unagundua kwamba ng'ombe waliozila walikuja ardhi ikiwa tope, na kila kwato imeacha shimo lake, na shimo limekauka na kufunikwa na majani. Niliona kiatu changu kimoja kikizama.

Nilifanya kazi nisiyowahi kuifanya maishani. Nilipiga magoti nikapapasa uwanja wote kwa viganja, nikajaza mashimo kwa udongo na kushindilia, kisha tukaazima pipa, tukalijaza maji na kulisukuma kwenda na kurudi mpaka mikono ikafa ganzi. Mistari tulichora kwa majivu. Wavu tulipewa na mama mmoja aliyekuwa anabanika samaki hatua chache kutoka pale. Ulikuwa wavu wa kuvulia uliochakaa, tukaufunga kwenye miti miwili. Mama huyo alikuwa mtu wa rika langu, mwenye mabega ya mpiga makasia, na alitupokea kama watu waliotumwa kumchangamsha.

"Na hicho kijiko chenye nyavu mnavulia nini?" aliuliza alipoiona raketi. "Humo hata dagaa hatoshi."

"Ni cha mpira, mama," mpwa wangu alimjibu.

"Kumbe mmetoka Dodoma kuja kuvua mpira!"

Alituonya kwamba viboko hutoka majini usiku kuja kula nyasi zilezile, tusichelewe kuondoka. Nilimshukuru. Baadaye, tukirudi gesti tulikopanga, nikagundua kwamba viboko sikuwawaza hata kidogo.

Mwanzoni hatukupiga mpira. Mpwa wangu alitembea, akasimama, akatembea, akageuka, kama tulivyoona wakubwa wakifanya. Kisha nikaanza kumrushia mipira ya karibu, polepole. Mpira ulipogusa nyasi ulikimbia chini chini, naye ilimbidi ainame mpaka mkono wa raketi unagusa majani. Mchana haikuwezekana kucheza, upepo ulikuwa unaubeba mpira mpaka kwa mama wa samaki. Asubuhi kulikuwa kumetulia, lakini asubuhi kulikuwa na umande. Kila asubuhi nilipapasa zile nyasi, kiganja kinarudi kimelowa. Nilimwambia tusubiri jua. Jua lilipokausha umande, upepo ulikuwa umeshafika.

Hivyo tulicheza kwenye umande. Na mpwa wangu alicheza vibaya. Alisimama wima kama nguzo ya umeme, magoti hayakunjiki, mipira inampita chini ya raketi. Mguu wa kulia aliuweka chini kama mtu anayepita juu ya paa la mabati. Mimi nilijua, maana nimefundisha miaka mingi, kwamba goti lililokaza ndilo linalovunjika. Nikamwambia alegeze. Akakaza zaidi. Mara moja kisigino kilimponyoka kidogo tu, kiasi cha kidole, na mimi nikapiga ukelele ambao ng'ombe waliusikia.

Akaweka raketi chini.

"Mjomba, unajua unafanya nini kila ninapokimbia?"

"Nafanya nini?"

"Unavuta pumzi. Hivi." Akavuta, kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi. "Nikiisikia, mguu wangu unakauka."

"Basi nitanyamaza."

"Ukinyamaza unafumba jicho moja."

"Ni kweli, baba," mama wa samaki alidakia kutoka kwenye moshi wake. "Mimi tangu juzi nilijua una chongo."

Walicheka wote wawili. Mimi sikuweza.

"Wale wakubwa wanaanguka," mpwa wangu alisema, safari hii bila kucheka. "Wanaanguka mazoezini, wanajua mwili unakwendaje, ndipo wanaingia kwenye mashindano. Mimi tangu lile goti sijaanguka hata mara moja. Unanilinda, mama ananilinda. Sasa unataka nikaangukie kule, mbele ya watu, ndiyo iwe mara ya kwanza?"

"Kwa hiyo unataka kuanguka."

"Nataka kujua ikoje."

"Na likigeuka?"

 Nilimwona akimeza mate, na hapo nikaelewa kwamba hofu haikuwa yangu peke yangu, ila alikuwa ameificha vizuri kuliko mimi.

"Likigeuka litakuwa limegeuka hapa," alisema. "Naomba ugeuke wewe, mjomba. Angalia majini. Mama huyu atanirushia."

Mama wa samaki alikwishaanza kufuta mikono kwenye kanga. Nilitaka kukataa. Nilikuwa na maneno yote, ya daktari na ya dada yangu. Lakini nilikuwa nimemwona mpwa wangu akicheza siku zote zile, na nilijua kwamba nikiendelea kumsimamia vile nitamtuma Ulaya na miguu miwili ya mbao. Nikageuka.

Bwawa lilikuwa limetulia, na miti iliyokufa zamani imesimama katikati ya maji. Nyuma yangu nilisikia mama akisema, "Huu hapa, binti," kisha mpira ukilia kwenye nyuzi. Mwingine. Mwingine tena. Nilisikia hatua zake, fupi, haraka, majani yakisuguana na viatu. Mama alikuwa na mkono mzuri, akaanza kurusha mbali. "Kimbilia! Huyo anatoroka!" Hatua zikaongezeka. Nilikunja ngumi, nikahesabu miti ya majini, nikapotea, nikaanza upya.

Kisha nikasikia majani yakichanika, mfyuuu, na mwili ukipiga ardhi.

Kimya.

Ule mwaka wote uliopita sikuwahi kuogopa kama nilivyoogopa hapo.  Sikugeuka, na sijui hata leo kama ni kwa sababu niliahidi au ni kwa sababu sikuwa na nguvu ya kuona.

"Haya, binti," sauti ya mama wa samaki ilisema, ya chini, haina mzaha. "Goti?"

Nilisubiri.

"Lipo," mpwa wangu alisema, kwa pumzi. Halafu, "Kumbe unaangukia nyonga tu." Halafu, "Rusha mwingine."

Asubuhi ile alianguka mara nyingi. Alirudi gesti nguo zina kijani pembeni yote, anakula ugali kama mtu aliyelima. Uwanjani alikuwa anainama sasa. Mimi ndiye niliyekuwa sina hamu ya kula.

Alipocheza mashindano yake ya kwanza huko Ulaya, mimi nilikuwa nimebaki Area D, kwenye kochi. Hayakuonyeshwa popote, tulisubiri tu simu. Dada alikuwa anakunja nguo zilezile mara mbili mbili. Simu ilipolia ilikuwa ya picha, nami nikampa dada aishike.

"Shikamoo mama, shikamoo mjomba."

"Marahaba. Simama nikuone," dada alisema.

Akasimama. Akatembea mpaka ukutani na kurudi, bila kuambiwa.

"Nimefungwa," alisema. "Huyo dada niliyecheza naye anapiga mipira ya kukata, inalala kabisa. Nimeanguka mara tatu."

Dada alinitazama. Nilitazama sakafu.

"Kesho nacheza ule wa wawili wawili," mpwa wangu aliendelea. "Leo mvua imenyesha hapa, wanasema nyasi zitakuwa na maji. Mjomba, upo?"

"Nipo," nilisema.  "Hatua fupi. Ulale mapema."

Simu ilipokatika, dada aliuliza kama bado nafikiria kwenda Mwanza wiki ile. Nilimwambia hapana, mpaka kesho ipite.