Mtani Aliyevaa Koti la Babu

Siku tuliyomzika Babu pale Naipingo naikumbuka vizuri, mwanangu, maana ndiyo siku niliyotaka kumfukuza mtu msibani. Najua nasaha ni kazi ya wazee, na mimi bado nakunyonyesha. Ila subira ya kungoja uzee sina, kwa hiyo naandika.

Msibani ndiko utakakowajua watu. Kuna anayelia gari likisimama; likizima, na yeye anazima. Kuna anayeulizia marehemu alikula nini, kama vile kifo kinaambukizwa na kisamvu. Kuna anayekaa jirani na sufuria tangu maji hayajachemka. Siku hiyo sikuwa na muda wa kuwacheka. Nilikuwa na bakuli la uji mkononi, nambembeleza Bibi.

Bibi alikuwa hajala wala hajalia tangu Babu akate roho. Alikaa tu kwenye mkeka, anatazama ukuta. Kila aliyeingia alimwambia, "Jikaze, mama." Si unajua, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mimi nilishaanza kuogopa kwamba tutazika wawili.

Wanaume waliporudi kutoka makaburini, ndo akaingia Bi Anjela, Mmakua wa Mnero, mtani wetu wa siku zote. Kavaa koti la Babu na kofia ya Babu, fimbo ya Babu mkononi. Akakohoa vilevile alivyokuwa anakohoa Babu.

"Nimerudi," akasema. "Huko mlikonipeleka hakuna hata chai. Nyie Wamwera wachoyo mpaka kwa maiti?"

Damu ikanichemka. Fomu foo nilikuwa nimemaliza juzi tu, ustaarabu wote najiona ninao mimi. Nikainuka nimtoe nje. Shangazi akanivuta kanga.

"Kaa chini. Wewe na uji wako tangu asubuhi umepata nini? Mwache mtani afanye kazi yake ya msibani."

Bi Anjela akasogea mpaka mbele ya Bibi. "We mwanamke, mume karudi, hata kigoda hunipi?"

Bibi akageuka. Akalitazama lile koti, akalitazama. Kisha akasema taratibu, "Mmakua wewe, hata koti hujui kuvaa. Mwenzio kifungo cha juu hakuwahi kufunga. Kilikuwa kinamkaba."

Akanyoosha mkono, akakifungua. Akacheka kidogo, na kile kicheko kikageuka kilio hapohapo. Akaliangukia koti. Bi Anjela akamshika, na yeye utani umemwisha, machozi yanamtoka.

Baadaye Bibi akajifuta kwa kanga, akaniangalia. "Uji umepoa?"

"Umepoa, Bibi."

"Lete hivyohivyo."

"Mbakishie mumeo," Bi Anjela akadakia.

Mwanangu, ukikua usiwe mwepesi wa kumtoa mtu nje kwa sababu anacheka pale unapotaka alie. Pole nyingine inakuja imevaa utani. Mfiwa huchoka kuambiwa ajikaze. Mpe mtu anayemkumbuka marehemu mpaka kikohozi chake. Na jambo usipolielewa, kaa chini kwanza. Mimi mwenyewe kukaa bado najifunza.

Mungu akukuze, akupe watani wa kweli, na awacheleweshe sana kupata kazi nyumbani kwako.