Kangaga za Chemchemi Yetu

Nilipokuwa mtoto wa kubeba debe dogo, huko kwetu Tetu, chemchemi yetu ilikuwa bondeni chini ya miti mizito. Ukingoni mwake ziliota kangaga, yale majani madogo laini yanayopenda unyevu na kivuli. Cucu, mama yake baba, alitukataza kuzing'oa.

"Hizo ni nywele za chemchemi," alikuwa akisema. "Ukiinyoa, itaona aibu, itahama."

Uhuru ulikuwa bado mpya. Mashamba yalipogawanywa, bonde lilimwangukia baba mkubwa, kaka yake marehemu baba. Akakata ile miti yote, akapanda mikaratusi ya kuuza. Ilikimbia juu, nayo chemchemi ikapungua mwaka baada ya mwaka. Debe lililokuwa likijaa kwa wimbo mmoja sasa lilitaka nyimbo tatu. Tukaziimba.

Nilikuwa darasa la tatu. Mwalimu akatuambia kila mtoto alete majani ya kupamba lango, mgeni mkubwa anakuja. Maua kwetu hayakuwepo. Nikashuka bondeni, nikang'oa kangaga chache zilizobaki, nikazifunga kwa kamba ya mgomba. Mwalimu alinisifu mbele ya wote, nami nikatembea siku hiyo kama bibi harusi.

Kiangazi kile chemchemi ikakauka kabisa.

Cucu alinisimamisha uani. "Ni mkono gani uliong'oa?"

"Yote miwili, cucu."

"Ati yote miwili! Basi yote miwili itabeba maji."

Baba mkubwa alikuwa ameketi pale akinywa uji. "Aliyekausha ndiye ateke," akasema, akapangusa mdomo. Mama yangu, mjane aliyelima kwa ruhusa yake, alitazama chini.

Nikatolewa shule. Mto ulikuwa mbali, na nyumba ya baba mkubwa pia ilingoja maji yangu. Wanawake walinicheka njiani: "Kinyozi huyo anapita! Mwangalieni asije akanyoa na mto!" Nami niliamini. Mara nyingi nilipiga magoti penye lile shimo kavu nikaliomba msamaha.

Niliolewa upande wa Karatina. Huko jirani akapanda mikaratusi kwenye bonde lake, na kisima kikakauka pasipo mtoto kugusa jani. Nikaenda kwa mama, nikamkuta akipukuchua maharagwe.

"Mama, mlijua?"

"Tulijua. Hata cucu wako alijua."

"Mbona mkasema ni mimi?"

"Miti ilikuwa na mwenyewe."

Sikumlaumu, lakini siku hiyo sikunywa chai yake.

Cucu hakudanganya: kangaga zikienda, maji huenda. Alichonyamazia ni nani aliyeziondolea kivuli, kwa sababu huyo alikuwa mwanawe. Mikaratusi ile ililipa karo ya watoto wa baba mkubwa, na wote wamesoma. Maji ya kunawa kabla hawajaenda shule niliwaletea mimi.