Siku Nilipomtanguliza Somo Yangu Chumba cha Picha ya Ini

Aibu hii naiandika mwenyewe, maana kutoka Kinondo mpaka Waa imeshahadithiwa na kila mmoja ameitia chumvi yake, na mimi (shule niliishia darasa la tatu, lakini jina la mtu halinitoki) naona bora mwenye kosa aseme.

Tumbo lilinivimba, miguu ikafuata, na Daktari Nyale, kijana wetu mpole wa Kidigo, akaniambia ini langu limekuwa gumu, na kabla ya kuniandikia dawa anataka nipigwe picha aone damu inavyopita ndani yake. Nikamwuliza, "Damu yangu mwaichukua tena?" Akasema, "Hatuichukui, bibi, twaiangalia tu ikipita." Sasa niambieni nyinyi, mtu aangalie damu yako ikipita, wewe uko hai umelala mbele yake, asitake hata tone? Mimi nimelelewa na habari za mumiani, wale watu wanaowanyonya wenzao damu wakaenda kuiuza, na kama sikumwona mumiani kwa macho, basi pia sikumwona wa kunihakikishia kwamba wamekwisha. Tena jirani yangu Bi Riziki Mwinyi alininong'oneza arusini: "Wanakupaka mafuta baridi tumboni, damu inapenya kwenye ngozi, huhisi kitu. Ukitoka ndiyo wasikia mwili mwepesi."

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi. Niliambiwa nisile kitu, nami sikula. Nilikwenda na binti yangu Mwanasiti, na somo yangu Mwanamisi Hamadi akanisindikiza, naye alikuwa amefunga Alhamisi yake ya sunna. (Mimi na yeye tulipewa jina moja, na kwetu somo yako ni wewe mwenyewe, akizaa umezaa, akifiwa umefiwa.) Mwanasiti akaenda dirishani kushughulikia faili, na mara mlango wa picha ukafunguka, akatoka mwanamke ameshika tumbo, mbio mbio, hasalimii mtu. (Baadaye nilijua alikuwa akitafuta choo.) Muuguzi akaita, "Mwanamisi!"

"Somo, tangulia wewe," nikamwambia. "Mimi nina kizunguzungu. Jina si letu sote?"

"Nami nikafanye nini huko?"

"Ukalale tu, uone kulivyo. Wewe si mwoga."

Somo anapenda vya bure. Akacheka, akajitanda leso, akachukua kikaratasi changu, akaingia.

Alipotoka na karatasi ya majibu nilimkagua kama mnunuzi wa mbuzi: macho, kucha, mpaka ulimi. "Wajisikiaje?" Akasema, "Wallahi, mwepesi! Nusura nisinzie." Kabla sijasema neno, Mwanasiti akarudi, akamnyang'anya ile karatasi, akanivuta chumba cha daktari, nami nikanyamaza. Hapo ndipo nilipojimaliza.

Daktari Nyale alisoma, akakunja uso, akasoma tena. "Ajabu, bibi. Damu yapita kama ya msichana." Mwanasiti akaanza kulia kwa furaha, alhamdulillahi kumi kumi. Daktari akaeleza kwamba ini ni kama kifumbu cha kuchujia tui: kila kidonge ukimezacho kinapelekwa huko kwanza na damu itokayo matumboni, na damu ikipita sawasawa dawa inachujwa, lakini ikikwama, dawa inavuka bila kuchujwa na kidonge kimoja chaweza kuwa kama vitatu mwilini. "Yako yapita vizuri, basi nakuandikia kipimo kamili." Kalamu inatembea, mimi najua ini si langu. Kisha kalamu ikasimama.

"Bibi, mfuko wa nyongo ulitolewa lini? Hapa haupo."

Jamani. Kumbe si damu, ni nyongo! Robo saa tu, na somo yangu maskini kacheka nao! Nilitoka mbio ukumbini kwa mguu mmoja wa ndara, leso i chini, napiga kelele, "Tokeni! Wamemtoa somo yangu nyongo! Kina mama, kimbieni!" Na yule kijana wa mashine akachungulia kuuliza kuna nini, mikono yake yang'aa kwa yale mafuta baridi. "Mikono yake hiyo, mwaiona?" Benchi zima likamwagika nje, mzee wa mkongojo akiwa mbele.

Somo ndiye aliyesimama. "Wewe Mwanamisi una wazimu? Nyongo yangu nilitolewa Mombasa, ilikuwa na mawe, na wewe ndiwe uliyenipikia uji wiki mbili!"

Daktari yuko mlangoni, karatasi mkononi. "Kwa hiyo hili ini ni la nani?"

Hospitali nzima ilicheka, isipokuwa yeye. Aliichana ile karatasi ya dawa vipande vinne. "Bibi, kipimo hiki kwa ini lako wewe, ungelala usiamke." Mwanasiti alijifunika uso kwa mtandio.

Ikabidi niingie mwenyewe. Yule kijana (Mutua, mtu wa bara, ambako bibi huitwa shosho) akaniuliza, "Shosho, nyongo nikuachie ama nibebe?" Akafungulia sauti ya mashine nikaisikia damu yangu mwenyewe ikijikokota, shwaa, ikitua, shwaa, kama mtu apandaye mlima na mzigo. Niliandikiwa robo ya kile kipimo. (Na tumbo nililikagua kama lina tundu kabla ya kuvaa, sikatai.)

Nje somo alikuwa akinisubiri. Alikuwa amecheka na wote, sasa hakucheka.

"Uliamini kweli mle ndani watu wananyonywa damu?"

"Niliamini, somo."

"Ndipo ukaniambia nitangulie."

Akanipokea mfuko wa dawa, akatangulia njia.

Tumbo limeshuka. Yeye huja kunitazama, huniletea madafu, hunikalia mpaka alasiri, lakini somo haniiti tena, ananiita Bi Mwanamisi, kama mtu wa ofisini. Kushuku sitaacha, ndivyo nilivyo, hata hivi vidonge navinusa kabla ya kuvimeza. Lakini mlango ninaoushuku, wallahi, nitauingia mimi mwenyewe kwanza.