Kibali cha Kilo Mbili

Juzi, kwenye ofisi moja mjini Kigoma, nilipanga foleni nyuma ya mkimbizi wa Kirundi. Kibali chake cha kukaa nje ya kambi kilikuwa kinaisha siku hiyo, naye alitaka kiongezwe.

"Sababu?" karani akauliza.

"Mtoto wangu ni njiti, kazaliwa kabla ya wakati, yuko hospitali. Namweka kifuani, ngozi kwa ngozi, apate joto."

"Mama yake?"

"Mkubwa, alijifungua kwa kupasuliwa, bado hajiwezi. Napokezana na shemeji yangu."

Karani akacheka. "Kumbe siku hizi wanaume nao wanaatamia?"

"Tunaatamia," akajibu, uso mkavu. 

"Haya, mpaka tarehe ngapi?"

"Mpaka afike kilo mbili."

"Nimeuliza tarehe."

"Daktari hakunipa tarehe. Amenipa kilo."

Karani akamwonyesha benchi, akae amsubiri bosi. Yule baba akaweka viganja vyote viwili juu ya kaunta. "Zamu yangu inaanza saa nane. Siwezi kukaa."

Watafiti wanatuambia njiti akiwekwa kifuani mapema, hata kabla hajatengemaa, anakuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuishi. Sawa, nimesoma. Ila fomu zetu hazijasoma. Kwazo mtu ni mgonjwa au ni msindikizaji, na mwenye kutoa joto hana kisanduku.

Mwishowe karani, bila kumngoja bosi, akaandika wiki tatu, akagonga mhuri. Baba hakungoja wino ukauke. Nilimwona nje akipanda bodaboda kurudi hospitali, mkono mmoja umeshika kibali, mwingine unafungua vifungo vya shati.