Jezi Isiyochanika

Kaka yangu, Alvester Pruitt, ndiye anayechora mistari ya uwanja wa mpira wa Kimarekani wa chuo chetu hapa Tallis Bend, Mississippi. Kazi hiyo ameifanya miaka thelathini na tatu. Kila Ijumaa ya msimu anavaa raba zake zilizogeuka nyeupe kwa rangi, anafunga kamba kutoka upande huu hadi upande ule, anasukuma kimashine chake, na ikifika saa tisa alasiri uwanja umegawanyika yadi tano tano, safi kama daftari jipya. Jumamosi vijana wanaukanyaga na kuufuta wote. Halalamiki. Ukimuuliza atakuambia mistari huchorwa ili ikanyagwe.

Mimi ndiye ninayelalamika. Tumezaliwa nyumba moja, lakini malalamiko yote yalikuja kwangu.

Jumanne moja ya mwezi wa kumi, Bwana Cottrell, mkuu wa michezo, aliingia chumba cha kufulia ninakofanya kazi. Ninafua, ninashona na kubandika namba kwenye jezi za chuo kile kile ambacho sikuwahi kukaa darasani mwake hata dakika moja. Mkononi alishika mfuko wa karatasi.

"Bi Lurline," akasema, "hii uishike kama unavyoshika kitoto kichanga. Ni jezi ya Dorsey Whitlow mwenyewe, ile ya mechi ya mwaka themanini na moja. Ioshe kwa mkono, kaza palipolegea. Jumamosi tunaitia kwenye fremu ya kioo na kuistaafisha namba ishirini na mbili."

"Mnaistaafisha? Kwani imechoka?"

Akacheka. "Haitavaliwa tena na mtu yeyote. Ubao umeshachongwa. Dorsey atakuja Ijumaa kupigwa picha."

Alipoondoka niliitandaza jezi mezani, nikaigeuza ndani nje kama ninavyofanya kwa kila nguo. Ubavuni, upande wa kulia, jezi ya bluu ilikuwa imeshonwa kwa uzi mwekundu. Mshono wenyewe ulikwenda mrama, mwingine mrefu, mwingine mfupi.

Niliujua mshono ule. Ulikuwa wangu.

Nilivuta kiti nikakaa.

Mwaka ule chuo kilikuwa na wachezaji zaidi ya mia, na namba zinaishia tisini na tisa. Kwa hiyo watu wawili waliweza kupewa namba moja, ilimradi wasiwe uwanjani kwa wakati mmoja. Ishirini na mbili ilikuwa ya wawili. Timu yetu ikiwa na mpira aliingia Dorsey Whitlow, mkimbiaji. Mpira ukiwa kwa wapinzani alitoka Dorsey, akaingia kaka yangu, mlinzi.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitano. Mgongo wa mama ulikuwa umekataa kazi mwezi wa nane, na Alvester alitaka kuacha chuo arudi kutusaidia. Mama akasema mmoja wetu lazima asome mpaka mwisho. Aliposema hivyo hakumwangalia Alvester, aliniangalia mimi. Jumatatu iliyofuata nilikuwa kiwanda cha kambare, nimevaa aproni nyekundu ya mpira na buti zilizonizidi, nakata vichwa vya samaki. Sikurudi shule.

Kwa hiyo namba ile ilikuwa yangu pia. Niliinunua kwa shule yangu.

Siku ya mechi yenyewe Dorsey alifunga mara mbili, na sitamnyima haki yake, alikimbia kama mtu aliyeibiwa. Lakini zilipobaki sekunde chache tulikuwa nyuma kwa pointi nne, na mpira ulikuwa kwa wapinzani. Walichotakiwa ni kupoteza muda tu. Mrushaji wao akajifanya hodari, akarusha. Ishirini na mbili akaunasa mpira hewani karibu na mstari wetu wa yadi tisa, akakimbia uwanja mzima akafunga. Mtu mmoja alimdaka jezi ubavuni akaburutwa yadi kumi, mshono ukafumuka, kisha akaachia. Tulishinda. Kesho yake gazeti lilitoa picha ya mgongo wenye namba ishirini na mbili, na chini yake wakaandika Whitlow.

Mama alisema watarekebisha. Hawakurekebisha. Wiki mbili baadaye goti la Alvester lilivunjika vibaya, na mlinzi asiye na goti hana wa kumkumbuka. Hakumaliza chuo. Dorsey alikwenda kucheza ligi ya wanaolipwa, na kila akirudi hapa hadithi ilikuwa imemwongezea mbio nyingine, hata zile tatu zilizofunga siku ile zote zikawa zake.

Jioni ile nilikwenda kwa Alvester. Alikuwa anakula mboga za majani na mkate wa mahindi. Nikaiweka jezi kando ya sahani.

"Usinimwagie nguo za watu mezani," akasema.

"Geuza uone ndani."

Aligeuza. Kidole chake, chenye rangi nyeupe kwenye kucha, kilipita juu ya uzi mwekundu taratibu.

"Ulishona vibaya," akasema.

"Vidole vyangu vilikuwa na majeraha ya visu vya kambare, wewe! Na uzi wa bluu haukuwepo kwenye kopo la mama. Ulikuwa unalia kwamba Jumatatu watakutoza jezi."

"Sikuwa nalia."

"Ulikuwa unalia. Sasa wanaitundika ukutani kwa jina la Dorsey. Ijumaa mwenyewe atakuwepo. Njoo useme."

Alimega mkate, akautafuna mpaka ukaisha.

"Lurl, mdogo wangu, mimi sitaki jina langu ukutani."

"Sikukuuliza unachotaka."

"Namba ni ya kuvaliwa. Mtu akiivaa vizuri, mwenzake anaitaka, anaikimbilia. Ukiitundika inakuwa kama ile saa ya baba iliyosimama. Kwa nini nigombee kitu ambacho nisingekifanya kabisa?"

"Kwa sababu wanakifanya! Ukuta upo, msumari upo. Kama namba itakufa, basi ifie mikononi mwa waliokuwa nayo. Mimi ningekuwa mwalimu, Alvester. Nilikuwa wa kwanza darasani kwa hesabu."

Akainamisha kichwa. Hilo nimekuwa nikilitumia tangu tukiwa vijana, na kila mara linampata.

"Rudisha jezi ya watu," akasema mwisho.

Sikurudisha.

Ijumaa, saa nne asubuhi, Bwana Cottrell aliingia na Dorsey Whitlow na mpiga picha. Dorsey alikuwa amevaa suti ya kijivu, nywele zimebaki za pembeni tu. Alinikumbatia kabla sijaamua kama nataka.

"Bi Lurline! Bado unatufulia?"

"Bado mnachafua."

Wakacheka. Cottrell akanyoosha mkono. "Haya, tuipate."

Niliitandaza mezani ikiwa ndani nje, nikaweka viganja vyangu juu yake.

"Kabla hamjaichukua," nikasema, "Bwana Whitlow atuambie nani alimshonea hapa."

Mashine moja tu ilikuwa inazunguka. Dorsey aliinama akaangalia uzi mwekundu. Niliuona uso wake ukiondoka mahali ulipokuwa na kurudi.

"Miaka mingi, dada," akasema. "Labda mama yangu."

"Mama yako alikaa Detroit."

"Bi Lurline," Cottrell akasema, sauti imeshuka, "hii ni mali ya chuo. Na kazi yako pia ni ya chuo. Unanielewa?"

Nilimwelewa vizuri. Lakini viganja sikuviondoa.

"Ni ya kaka yangu. Mpira ule aliunasa yeye. Andikeni majina mawili."

"Ubao umeshachongwa, mama."

"Chongeni mwingine."

"Dorsey," Cottrell akageuka, "wewe tuambie, tumalize. Ni yako au si yako?"

Dorsey alifungua mdomo. Nilimwangalia machoni ili akidanganya adanganye akiniona.

"Ni yangu," akasema.

Mlangoni kukawa na mtu. Alvester, raba nyeupe, kimashine amekiacha nje. Alikuwa amekuja kuuliza vipimo vya ile ishirini na mbili kubwa waliyomwagiza achore katikati ya uwanja. Amesimama pale muda gani, sijui.

"Dorsey," akaita.

"Al! Kaka, umezeeka!"

"Na wewe kichwa kimekuwa goti." Akaja mpaka mezani. Hakuigusa jezi. "Siku ile ulichaniwa jezi ngapi?"

Dorsey akarekebisha koti la suti yake.

"Bwana Cottrell, wewe ulikuwa hujazaliwa," Alvester akasema. "Enzi zile wakimbiaji walivaa kitambaa chepesi, kilitengenezwa makusudi kichanike. Mtu akikudaka anabaki na kipande mkononi, wewe huyo unakwenda zako. Baadaye wakapiga marufuku. Sisi walinzi tulivaa nzito. Dorsey siku ile alichaniwa jezi nne. Ya mwisho akamaliza nayo amebaki na kola na mkono mmoja, kama kuku aliyenyonyolewa nusu akakimbia."

Mpiga picha akaangua kicheko. Dorsey naye alicheka, hakuweza kujizuia, akacheka mpaka akashika meza. "Kola na mkono mmoja!" akasema. "Kocha akanitukana kwa—" Hapo akajikatiza. Alikuwa ameshasema.

Cottrell aliitazama jezi: nzima, nzito, haina jeraha isipokuwa ule mshono wangu.

Nikangoja. Nilidhani sasa atalidai jina lake.

"Unataka nini, Alvester?" Cottrell akauliza.

"Msiistaafishe. Wapeni vijana wavae."

Ningeweza kumpiga. Mlango ulikuwa umefunguka, na yeye akaomba kitu ambacho hakuna mtu angempa.

"Hilo haliwezekani," Cottrell akasema, ameshusha pumzi. "Wageni mia tatu wamealikwa. Mengine tutayazungumza baada ya msimu." Akaniangalia. "Jezi."

"Hapana," nikasema.

"Nitatafuta nyingine stoo. Kwenye kioo zote ni sawa. Jumatatu njoo ofisini kwangu."

Wakatoka. Dorsey alikuwa wa mwisho, akasimama mlangoni kama mtu aliyesahau funguo.

"Kesho nitapewa kipaza sauti, Al," akasema, hakumwangalia mtu. "Nitalisema jina lako."

Sikulala vizuri.

Jumamosi moshi wa mbavu za nguruwe ulijaa kuanzia maegesho, na ngoma za bendi zilikuwa zinanigonga kifuani. Nilikaa safu ya chini, jezi iko ndani ya mkoba, mkoba uko mapajani. Alvester alikuwa kwenye ukingo wa uwanja na ndoo yake. Ishirini na mbili kubwa aliichora vizuri kuliko nilivyotaka.

Wakavuta pazia ubaoni. 22, WHITLOW. Fremu ikainuliwa, ndani yake jezi mpya ya stoo, bado ina mikunjo ya boksi. Watu elfu kumi na mbili wakaishangilia mikunjo.

Dorsey akashika kipaza sauti. Alimshukuru Mungu. Akamshukuru mama yake, kocha, mke wake, watoto wake mmoja mmoja. Nilikuwa nimeushika mkoba mpaka mikanda imenikata vidole. Akasimama kidogo, akaangalia kule ukingoni kwenye ndoo ya rangi, na mimi nikasema kimyakimya, sema, sema sasa.

"Na wenzangu wote," akasema Dorsey Whitlow. "Bila wenzangu nisingekuwa hapa."

Bendi ikapiga.

Niliinuka. Nilishuka ngazi, askari wa geti aliponizuia nikamwambia mimi ndiye ninayefua soksi za timu, akanipisha. Nilimfikia Alvester, nikaitoa jezi, nikamwekea mikononi.

"Umesema ni ya kuvaliwa," nikamwambia. "Basi vaa."

Aliniangalia. Kisha akaweka ndoo chini, akavua koti la kazi, akaiingiza kichwani. Tumbo lilikataa, akavuta pumzi, akaishusha kwa nguvu. Akasimama pale kwenye mstari aliouchora mwenyewe, mzee wa miaka hamsini na nne, ishirini na mbili mgongoni, mbele ya ubao wa namba ambayo haingevaliwa tena.

Cottrell alikuja mbio, tai imerukia begani.

"Alvester, vua! Vua mara moja! Watu wa televisheni wanaona!"

Sijawahi kumsikia kaka yangu akipandisha sauti, na siku ile pia hakuipandisha.

"Njoo univue wewe," akasema. "Ila hii yangu haichaniki."

Cottrell akaiangalia, akawaangalia watu, mikono yake haikujua iende wapi. Akarudi nyuma.

Ndipo nikasikia sauti jukwaani, sauti ya mzee. "Pruitt!" Kisha nyingine, upande wa pili: "Mlinzi! Yadi tisa! Nilikuwepo!" Walikuwa wanne. Niliwahesabu. Wazee wanne kati ya watu elfu kumi na mbili, wamesimama, mmoja na mkongojo wake hewani. Alvester aliwainulia mkono mmoja tu, kwa sababu ukiinua yote miwili jezi inapanda tumboni. Mbali kidogo Dorsey alikuwa ameshusha macho kwenye nyasi.

Wanne si wengi. Jumatatu nilikwenda ofisini nikaambiwa kazi yangu imekwisha, na ubao uko vile vile hadi leo, jina moja. Sijawasamehe, wala sina mpango huo.

Lakini alipogeuka siku ile kuichukua ndoo yake, niliutazama ubavu wa kulia. Kitambaa kilikuwa kimetanuka pale mpaka uzi mwekundu ukaonekana kwa nje, umekazwa kama waya. Haukuachia.