Samaki Aliyezikwa kwa Bwana Kosta

Harufu ya petroli iliyochanganyika na damu ya nguru hunirudisha moja kwa moja kwa Bwana Kosta. Ilikuwa nyumba ya wageni, kaskazini ya Bagamoyo, mahali ambapo barabara ilikuwa imekwisha kitambo na aliyetaka kufika huko alipita ufukweni maji yakitoka. Bwana Kosta alikuwa Mgiriki, na wageni wake walikuwa Wazungu wa mashamba ya mkonge, waliokuja kuvua kwa mshipi kila upepo wa kusi ulipotulia na nguru wakaanza kupita. Baba yangu alikuwa nahodha wa boti yake. Ami Hamadi, mdogo wake baba, alikuwa mzamiaji: ndoana ikinasa mwambani, yeye ndiye aliyeshuka kuitoa. Sisi tuliishi kijijini nyuma ya mikoko, pamoja na bibi yangu, mama yao, na Mwanaidi, mke wa ami, ambaye alikuwa bado na hina ya harusi miguuni.

Msimu huo mgeni mmoja alinasa chewa mkubwa, na yule samaki akaingia na mshipi ndani ya pango lake chini ya mwamba. Ami alizama. Baba alisimulia kwamba aliibuka anacheka, akashika ubavu wa boti, akasema, "Kaka, yumo. Ananitazama." Kisha akavuta pumzi, akarudi chini. Hakuibuka tena. Baba alizama mpaka damu ikamtoka masikioni. Wavuvi wa vijiji vyote vya karibu walitafuta, wakaenda hata kwenye fungu la mchanga ambako bahari hutupa magogo, wasiione hata shuka yake. Msikitini wakamsalia bila maiti. Wanawake walipomletea Mwanaidi nguo nyeupe za eda, alizikunja vizuri akawarudishia. "Sijamwona," alisema. "Nikae eda ya nani?" Jioni akapika chakula cha watu wawili, na sahani moja akaifunika kwa kawa.

Mwezi mwingine ulipoandama, wageni wapya walimtega yule chewa kwa kamba ya nanga na ndoana ya papa. Nilikuwa nikiokota kuni pale watu walipomburuta juu ya mchanga. Sijapata tena kuona samaki wa namna ile. Kinywa chake kilikuwa wazi kama mlango wa banda, na tumbo lilikuwa limejaa, limelalia upande. Mgeni aliweka mguu juu ya kichwa chake ili apigwe picha. Lakini waliokuwa wakivuta kamba waliiachia mmoja baada ya mwingine, wakarudi nyuma, na nikaona kila mtu anatazama lile tumbo, na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kusema. Habari ilifika kijijini kabla sijafikisha kuni zangu jikoni. Bibi akaja, amejitanda kanga yake, na Mwanaidi nyuma yake akikimbia.

Baba alikuwa na kisu mkononi. "Mpasue, shemeji," Mwanaidi alimwambia. "Nijue kama mimi ni mke au mjane."

"Asipasuliwe!" Bibi alisema.

"Mama, nakuomba."

"Hamadi nilimzaa mzima. Sitaki kuoneshwa vipande."

"Na mimi je, Mama? Nikae nikisikiliza mlango mpaka lini?"

Bibi aliketi mchangani, akamwekea yule samaki kiganja ubavuni, taratibu, kama anavyopimwa homa mtoto aliyelala. Akakaa hivyo. Baba alimtazama mama yake, akamtazama mke wa ndugu yake. Kisha akakirudisha kisu alani, akaomba majembe.

Mgeni aligomba sana, lakini Bwana Kosta akamshika bega akaondoka naye. Shimo lilichimbwa juu ya mstari wa maji, chini ya mivinje. Mwalimu wetu wa chuo cha Kurani alisema hawezi kumsalia samaki, lakini hakuondoka. Alisimama hapo kichwa chini mpaka mchanga ukasawazishwa. Mwanaidi hakulia. Alikaa na sisi wiki chache, kisha ndugu zake wakaja kumchukua, wakaenda naye Mapinga. Wafanyakazi hawakutaka tena kwenda kwenye ule mwamba, wageni wakapungua, na Bwana Kosta akafunga nyumba yake akahama.

Nilipoolewa nilikuwa nikienda Mapinga kumwamkia Mwanaidi. "Shikamoo, mama mdogo." "Marahaba, mwanangu. Baba yako hajambo?" Alikuwa mcheshi, mpishi hodari, na waliokuja kumposa hawakuwa wachache. Wote aliwajibu, "Nina mume." Tukiwa katikati ya mazungumzo, hatua za mpita njia zikisikika nje, alikuwa akinyamaza, shingo imegeuka kidogo, mpaka zipite. Kisha anaendelea na neno lile lile alipoliachia. Alifariki akiwa mtu mzima sana, na mpaka siku zake za mwisho alikuwa akifanya hivyo.

Siku hizi ufukwe ule umekatwa viwanja, na watu wa Dar wamejenga kuta. Chewa wanaoletwa mnadani wanaenea kwenye ndoo, na wajukuu zangu wananicheka nikiwaeleza ukubwa wa yule. Mimi sasa nimempita bibi umri aliokuwa nao siku ile. Nilipokuwa mtoto niliona yeye ndiye mwenye haki, kwa kuwa alikuwa mama, na kwa kuwa niliogopa kitakachotoka. Baadaye nimezika mume, nikazika na binti. Makaburi yao nayajua. Ijumaa naenda, napalilia, nawasomea, narudi nyumbani nalala. Mwanaidi hakulipata hilo hata siku moja. Angekuwa baba ananiuliza leo, ningemwambia apasue.